Sepeto la Baba, Kalamu ya Mwana

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno la juma hili ni Marko 6:3. Watu wa Nazareti wamemsikia Yesu akifundisha katika sinagogi, nao wanaulizana, "Huyu si yule seremala?" Wanasema kwa dharau. Mathayo 13:55 inamwita mwana wa seremala. Ukiziweka aya hizo pamoja unaiona kazi ikitoka kwa Yosefu na kuingia mikononi mwa kijana wake, na Injili haioni haya kuitaja.

Juma hili nimemkumbuka mshairi Seamus Heaney. Alizaliwa mwaka 1939 huko Derry, Ireland ya Kaskazini, kifungua mimba katika familia ya Kikatoliki yenye watoto tisa. Baba yake alilima na kuuza ng'ombe. Masomo yalimtoa Heaney shambani akiwa bado mdogo, na mwaka 1995 akapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi.

Shairi linalofungua kitabu chake cha mwaka 1966 linahusu kuchimba. Ameketi na kalamu, anasikia sepeto la baba yake likikwaruza changarawe chini ya dirisha. Kinachonigusa ni jinsi alivyoijua kazi ile: buti limekaa wapi juu ya sepeto, mpini umeegemea goti upande gani, viazi vibichi vilivyo baridi na vigumu viganjani mwa watoto wanaoviokota. Kisha anamtaja babu, aliyekata udongo wa kinamasi, ule unaokaushwa ukawa kuni. Mjukuu alimpelekea maziwa kwenye chupa iliyozibwa kwa karatasi. Mzee akanyooka, akanywa, akarudi kazini papo hapo.

Heaney anakiri kwamba yeye hana sepeto la kuwafuata wazee wale. Ana kalamu, basi atachimba kwa hiyo.

Naamini hii ni namna mojawapo ya kuitii amri ya Kutoka 20:12, ya kumheshimu baba na mama. Ni vyema kumtumia mzazi pesa ya matumizi, tuendelee. Lakini kuna mtoto anayejaza fomu ya shule, akifika penye kazi ya mzazi anaandika "hana", na mama yake ametoka alfajiri jembe begani, amepalilia mahindi, jioni karudi na mzigo wa kuni kichwani. Mtoto huyo hakumtukana mama yake. Hakufundishwa tu kumtazama, na hilo ni juu yetu sisi wakubwa, hata makanisani, tunapomwombea aliyepata ofisi na kumsahau aliyekwenda kulima.

Basi juma hili, mwenye mzazi au babu aliye hai amwulize juu ya kazi ya mikono yake: nani alimfundisha, mbegu anaichaguaje, jembe analinoaje. Amsikilize mpaka amalize, watoto wakiwepo. Kisha msome pamoja Zaburi 90:17, na mzee mwenyewe ndiye aongoze maombi.