Kamba ya Demani

Jioni ya juzi binti yangu alinijia na daftari lake la historia, akaniuliza kama ni kweli kwamba jina Tanganyika limetokana na tanga na nyika, kwa maana mwalimu amewafundisha hivyo na kesho yake kulikuwa na jaribio. Nilijiandaa kumjibu kisomi. Nilikusudia kumweleza kwamba Burton, mpelelezi Mwingereza aliyefika hapa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, mwezi Februari 1858, alilifasiri jina hilo kuwa ni mahali maji yanapokutana, na kwamba wazee walikuwa na neno kutanganya, yaani kuchanganya. Akaniwahi na swali la pili: "Baba, wewe umewahi kuona tanga ziwani?" Historia yote ikanitoka, viganja vikaanza kuniwasha.

Nimewahi kuishika kamba ya tanga siku moja tu, mwezi Julai mwaka 1989.

Babu alikuwa ameshaiuza mashua. Mnunuzi aliyekuwa Kibirizi alitaka chombo cha kufungia injini, na makubaliano yalikuwa tumpelekee wenyewe. Babu aliamua kuipeleka kwa tanga, kisha akaamua, bila kumshauri mama yangu, kwamba mimi niende nikajifunze. Ni nini cha kujifunza katika chombo kilichokwisha kuuzwa, sikuuliza, kwani mtoto wa miaka 12 aliye likizoni haulizi. Asubuhi nzima nilikaririshwa majina: omo na tezi, yaani mbele na nyuma ya chombo, kisha foromali, jarari, goshi, demani. Babu aliyapokea kwa baba yake, aliyeyapokea kwa watu wa pwani, nami tangu siku ile sijamsikia mtu mwingine akiyatamka katika mji huu. Kamba yangu ilikuwa demani, ile ya pembe ya nyuma ya tanga, inayoamua upepo uingie kiasi gani. "Usiifunge popote wala usijizungushie mkononi, mjukuu wangu," aliniambia. "Ishike tu, uisikilize."

Mwendo wa kutoka Ujiji hadi Ras Bangwe haukuwa na la kusimulia. Kulikuwa na upepo wa kusini wa kiangazi, moshi wa mapori yanayochomwa ulikuwa umeificha milima ya Kongo, na Mjomba, aliyefuatana nasi, alisinzia.

Tulipokaribia ncha ya rasi, ardhi ilitukinga na upepo ukafa. Tanga likaning'inia kama shuka lililosahauliwa kambani. Demani ikawa nyepesi, nami kwa kujiona baharia kamili nikaizungusha kiganjani mara mbili. Mashua ilijikokota kwa kasi iliyobaki, na omo ilipoyapita mawe ya mwisho niliona maji ya mbali yakibadilika rangi, yakawa meusi yenye vipele, na weusi ule ukatujia mbio. Kamba ilikaza ikaniuma. Mashua ililala ubavu, ukingo wa kushoto ukawa sawasawa na ziwa, na maji yakaanza kuingia taratibu, bila kelele, kama mgeni anayeijua nyumba. Birika la chai likabiringika. Babu, akiwa ameuegemea usukani kwa kifua, alinipigia ukelele. Mpaka anaingia kaburini alishikilia kwamba alisema, "Legeza!" Mimi nilisikia, "Achia!"

Nikaachia. Kamba ilijifungua mizunguko yake miwili ikaondoka na ngozi, tanga likaruka mbele likipiga makofi hewani, na ncha ya kamba ikapita juu ya kichwa cha Babu ikamvua kofia yake ya viua bila kumgusa hata sikio. Mashua ikasimama wima. Kofia ilielea nyuma yetu mdomo ukiwa juu, ikijaa maji kidogo kidogo, mpaka ikazama. Baadaye nilikuja kusoma kwamba ziwa hili lina kina cha mita 1,470 hivi. Siku ile Babu alisema tu kwamba halina kitako.

"Angelegeza kidogo tungepinduka," Mjomba alisema.

"Anayeachia demani ameacha chombo," Babu akajibu.

Walibishana hivyo juu ya kichwa changu hadi Kibirizi. Tulipoukatiza mlango wa ghuba tuliiona meli ya Liemba bandarini, na Mjomba akamfariji Babu kwamba ile nayo Wajerumani waliizamisha mwaka 1916, Waingereza wakaiibua mwaka 1924, hivyo huenda zamu ya kofia itafika. Babu hakucheka. Mnunuzi aliikagua mashua, akaipenda, akalikataa tanga. Tulilikunja tukarudi nalo Ujiji kwa gari, Babu akiwa kichwa wazi, na kwa miaka mingi Bibi alilitumia kufunikia dagaa usiku.

Nimelifikiria jambo hili kuliko linavyostahili. Kuna siku nampa Babu haki, kuna siku nampa Mjomba. Siku ninazokuwa mkweli zaidi hushuku kwamba sikusikia neno lolote, na kwamba mkono ulifumbuka kwa maumivu tu, lakini jambo hilo sikuwahi kumwambia Babu.

"Sasa niandike nini?" binti yangu aliuliza, baada ya kunisubiri kwa muda mrefu.

Nilimwambia aandike tanga na nyika. Leo amerudi na alama zote.