Navyonasa vimondo kwa FM hapa Lubumbashi, na kwa nini vinasumbua rada

Kimondo kikiungua kwenye kimo cha kilomita 80 hadi 120 kinaacha mkia wa elektroni, na mkia huo unarudisha mawimbi ya redio. Kwenye rada ya masafa marefu ni mwangwi wa kitu kisichokuwapo. Ili kuuona sihitaji rada: vituo vya FM vya mbali vinatosha.

Kazi yote iko kwenye kuchagua umbali. Ndege nazo hurudisha mawimbi, ila iliyo kilomita 11 juu haiunganishi sehemu zilizoachana zaidi ya kilomita 800 hivi. Mkia wa kimondo unafikisha hata 2,000. Ndiyo maana Lusaka siigusi, ndege zingejaa kwenye skrini. Nalenga Dar es Salaam, kama kilomita 1,400, kwenye namba ambayo kule kuna kituo na hapa mjini hakuna. Majirani wa namba hiyo pia wawe kimya, maana kituo chenye nguvu cha jirani kinalemea kipokezi na kuzaa vituo hewa. Ikitokea hivyo, punguza ukuzaji wa mawimbi (gain) kwa mkono. Ule wa otomatiki uzime kabisa.

Antena ni mirija miwili ya alumini, kila mmoja sentimita 73 kwa 98 MHz, imelazwa, ubavu wake ukitazama mashariki-kaskazini-mashariki. Kebo ya televisheni ya omu 75 inafaa. Kipokezi ni kile kidogo cha kuchomeka kwenye USB ya kompyuta. Inverta na taa za LED kaa navyo mbali, vinachafua.

Kwenye spika ni mchakacho mtupu, ghafla nusu neno la mtangazaji, kisha mchakacho tena. Radi nayo inalia, ila inapiga mstari kwenye namba zote kwa mpigo mmoja. Alfajiri ndiyo mavuno. Jioni ni haba.

Sasa rada. Muda wa mkia mwepesi, wenye elektroni chache, unakua kwa mraba wa urefu wa wimbi. Kinachofifia ndani ya sehemu ya sekunde kwenye FM, mita 3, kinadumu zaidi ya mara 40 kwenye 15 MHz, mita 20, na hapo ndipo rada za kuvuka upeo wa macho zinafanya kazi. Rada ya sentimita 10 ya uwanja wa ndege haijali.

Rada hizo hukusanya sekunde nyingi ili kuona meli inayokwenda taratibu. Rada inatenga vitu kwa kasi zao, na mwangwi mmoja mfupi wa kimondo unasambaa kwenye kasi zote na kuifunika meli. Dawa ni kukata vipande vya muda vilivyochafuka kabla ya hesabu na kukadiria vilivyopotea kutoka majirani wake. Kwa mkia mzito, wenye elektroni nyingi, wa sekunde kadhaa hilo halitoshi: pengo linakuwa kubwa mno, unangoja ufifie.