Dar hadi Kamachumu kwa gari: daftari letu la safari

Oktoba ikianza tu, simu yangu inajaa maswali ya ndugu na marafiki: kwenda Bukoba na gari dogo ni shilingi ngapi? Wanataka namba moja. Ninayo na nitaitaja, lakini ukiichukua bila hesabu zake utajikuta umefika kijijini salama, umesherehekea vizuri, na hujui unarudije.

Sisi ni watano. Mimi, baba watoto, watoto wawili, na mama, yaani mama mkwe wangu, tunayeishi naye Mbezi lakini Krismasi hakubali kuila mjini. Gari ni Toyota Wish ya cc 1,800. Kwao baba watoto ni Kamachumu, wilaya ya Muleba, kama kilomita 1,400 kutoka getini kwetu.

Ukurasa wa kwanza wa daftari letu hauna mafuta wala gesti. Juu umeandikwa "Januari". Ada ya muhula wa kwanza, sare, madaftari, kodi ya nyumba, chakula cha mwezi mzima. Hela hiyo ikishatengwa na kuwekwa mahali ambapo hakuna kati yetu anayeweza kuigusa peke yake, ndipo tunageuza ukurasa. Nimeona watu wazima wenye kazi zao wakirudi kutoka sikukuu na kuanza kukopa kwa riba ili mtoto asirudishwe nyumbani kwa ada. Mtoto hakuomba safari, na si haki ailipie yeye. Mwaka ambao ukurasa huo haujajaa, hatuendi. Tunapiga simu, tunampa mama nauli ya basi, na wazee wanatuelewa. Hela ya safari yenyewe inatoka kwenye kikoba, tunachogawana mwishoni mwa Novemba, na nyingine kwenye kibubu cha pale sebuleni.

Mafuta ni hesabu nyepesi, tuimalize. Gari likiwa limejaa watu na mizigo, AC inawaka, nahesabu kilomita 11 kwa lita, hata kama linaweza zaidi. Kilomita 1,400 gawanya kwa 11 unapata lita 127, naandika 130. Bei naandika 3,000 kwa lita. Kwenda 390,000, kurudi 390,000. Naongeza lita 40 za mizunguko ya huko, maana shangazi yupo Kanyigo karibu na mpaka wa Uganda na hatuwezi kufika Kagera tusimwone: 120,000. Jumla 900,000. Bei kikomo za EWURA, mamlaka inayodhibiti bei ya mafuta, hutoka Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, kwa hiyo ya Desemba ikitoka narekebisha. Zingatia pia kwamba bei hiyo ina tofauti kwa kila mji na hupanda kadiri unavyokwenda mbali na bandari. Bukoba lita moja huzidi ya Dar kwa kama shilingi 200. Tunaondoka Mbezi tenki limejaa, tunajaza tena Dodoma na Singida, na tukishapita Kahama mshale haushuki chini ya nusu.

Kwa fundi gari linakwenda wiki tatu kabla. Ukifunga pedi mpya za breki leo na kesho ukaondoka, kasoro yoyote utaijulia Gairo, kwenye baridi, na watoto. Wiki tatu zinakupa muda wa kulitembeza mjini na kulisikiliza. Oili na filta, kulanti, belti, pedi, betri, waipa, taa zote. Nimetenga 250,000, na hapo hakuna tairi jipya.

Matairi nayakagua mwenyewe, na ningeomba kila anayesoma hapa afanye hivyo leo jioni. Ubavuni mwa tairi tafuta herufi DOT. Fuata mstari wake hadi mwisho, utaona kibonyeo chenye tarakimu nne. Zikisoma 2219, tairi hilo lilitengenezwa wiki ya 22 ya mwaka 2019. Wakati mwingine tarakimu hizo ziko upande wa ndani, basi washa tochi ya simu, piga magoti uchungulie. Soma zote nne, halafu soma na la spea, ambalo watu wengi hawaliangalii mpaka siku ya kulihitaji. Tairi linaweza kuwa na kashata (ile mikato ya juu) nzuri kabisa huku mpira wake umeshazeeka, una nyufa nyembamba kama za udongo uliokauka, na lami ya Bahi kwenda Manyoni saa saba mchana italipasua. Kama uwezo wako ni wa tairi la mtumba, nunua la mtumba, ila soma tarehe kabla hujatoa hela.

Sasa kulala. Hapa ndipo ninapobishana na ndugu zetu kila mwaka, na sitaacha. Kuna sifa watu wanajipa: ametoka Dar saa tisa usiku, kafika Bukoba saa nne usiku siku hiyo hiyo. Hizo ni saa 19, dereva mmoja. Wanasema mbona mabasi yanakwenda. Ni kweli, tangu 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, lakini basi la masafa hayo lina dereva wa pili aliyelala. Kwenye gari letu dereva wa pili ni mimi, na mimi toka Dumila nimeshika mfuko wa mtoto anayetapika. Kila sikukuu tunasikia familia nzima imeishia njiani, na mara nyingi ukiuliza unaambiwa walikuwa wamebakiza kidogo tu kufika.

Kwa hiyo malazi yanaandikwa kabla ya mafuta, na hayakatwi hata hela ikipungua. Nahesabu mwendo wa wastani wa kilomita 60 kwa saa. Watu wanauona mdogo, lakini vibao vya 50 viko kijiji kwa kijiji, tochi za trafiki za kupima mwendo nazo zipo, na faini ni 30,000 kwa kosa. (Kabla ya kuondoka angalia kama gari lako linadaiwa faini za nyuma, ulipe ukiwa nyumbani. Kusimamishwa Manyoni kwa deni la zamani kunakula saa nzima ambayo hukuipangia.) Singida ni kama kilomita 700, yaani nusu ya safari. Kwa 60 ni saa 12 kasoro, na mapumziko ni saa 13. Tukitoka saa kumi alfajiri, saa kumi na moja jioni tupo Singida na jua bado lipo. Watoto wanaoga, baba watoto anakula kuku wa kienyeji wa huko, saa tatu amelala. Asubuhi anaukuta Mlima Sekenke akiwa na macho mapya. Zile kona za kuteremkia Igunga, zenye malori mbele na nyuma, sitaki azikute amechoka.

Gesti tunachukua vyumba viwili, 35,000 kila kimoja, na ninachouliza kwenye simu ni uzio, geti na mlinzi wa usiku, kwa sababu mizigo mingine inalala garini. Napiga wiki mbili kabla, kisha nakumbushia siku mbili kabla, maana kuanzia tarehe 20 Desemba Kanda ya Ziwa yote iko barabarani.

Ipo na hela ya kulala Kahama, ambayo huenda isitumike. Kanuni yetu ni kwamba tukifika Kahama saa saba mchana imepita, hatuendi mbele. Kutoka hapo, Masumbwe, Ushirombo, Runzewe, Nyakanazi mpaka Lusahunga, unatembea na malori ya Rwanda na Burundi, na kuyapita kunataka subira na mwanga. Halafu Biharamulo kwenda Muleba kuna msitu mrefu wenye nyumba chache. Mama husimulia enzi ambazo magari yalikuwa yakisindikizwa na polisi wenye bunduki pale. Leo kumetulia, lakini gari likikuharibikia gizani hapo, na mtoto ana homa, utajuta ule uchu wa kufika. Singida kwenda, Kahama ya akiba, Singida kurudi: 210,000.

Mama hatumkunji tena kwenye gari kwa siku nzima. Tangu SGR, reli ya kisasa, ianze kwenda Dodoma mwaka 2024, kilomita 450 za mwanzo anazimaliza kwenye treni ya asubuhi na mjukuu wake mkubwa, 31,000 kwa mtu daraja la kawaida. Sisi tunapita Chalinze, Morogoro, Gairo, Kibaigwa, tunamkuta Dodoma ameshanyoosha miguu na amekunywa chai. Magoti yake yanashukuru, na huku nyuma mtoto mdogo anapata kiti cha kulalia. Tiketi za Desemba zinaisha mapema, nazikata mapema. Mbili ni 62,000.

Chakula cha njiani 150,000, kwenda na kurudi. Siku ya kwanza tunabeba: chapati, mayai ya kuchemsha, karanga, maji ya kutosha. Tunanunua chai na supu tu.

Ukurasa ninaoutetea kuliko yote ni wa nyumbani kwenyewe, kwa sababu ndio ambao wageni wa safari hizi hawauandiki. Orodha yake anayo mama kichwani. Jioni moja tunakaa kibarazani, anataja, naandika. Fulani, sukari kilo mbili na mche wa sabuni. Fulani, kitenge, asipewe cha rangi ya mwaka ule. Tukafika kwa jirani wa kibanja cha juu, akanyamaza kidogo, akasema: "Huyo mwandikie sukari na shuka, mwanangu. Mwaka huu kafiwa." Naandika. Jina la mumewe, ambalo mwaka uliopita lilikuwa na majani ya chai na kofia, nikalikata kwa mstari mmoja. Mama akaniomba nilirudie juu ya karatasi, kwenye sehemu ya makaburi ya kutembelea.

Zawadi ni 250,000. Nusu tunanunua njiani, mafuta ya alizeti Singida na mchele Kahama, ili tusiendeshe uzito huo kutoka Dar. Michango ni 400,000: kanisani, ubatizo, harusi ya binamu, na msiba ambao haujatokea lakini kijijini Desemba ndipo kila mtu yupo na kila jambo linafanyika. Hizi nazitoa benki zikiwa noti za elfu tano na elfu mbili, nazigawa kwenye bahasha ndogo. Ukifika kwa mzee na noti ya elfu kumi ukitaka kumpa tano, huwezi kumwambia atafute chenji. Na watu wasio na hela za namna hii wasikae mjini kwa aibu. Mama mwenyewe anasema wazee wanataka kwanza kukuona.

Mwisho dharura, 300,000. Nusu ipo kwenye laini ya simu isiyotumika kwa kitu kingine, nusu ni taslimu, imegawanywa kati yangu na baba watoto. Mtandao ukigoma, fundi wa Ushirombo anataka noti.

Jumlisha: 2,522,000. Mafuta, ambayo ndiyo watu huniuliza, ni theluthi na kidogo. Ukija na bajeti ya mafuta peke yake, theluthi mbili za safari hujazipangia.

Kurudi, gari lina mzigo mzito kuliko kwenda. Mama anabaki hadi Pasaka, na nafasi yake inachukuliwa na mikungu ya ndizi, maharage, kahawa, na senene kama msimu haujaisha. Matairi ya nyuma yanaongezwa upepo kabla ya kupakia, kufuata karatasi iliyobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Safari hii hatupiti Kahama. Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo hadi Busisi lilifunguliwa Juni 2025, kilomita 3 juu ya ziwa ambazo zamani ulizisubiri kwenye foleni ya kivuko, na wifi yangu wa Mwanza ametuandalia vitanda. Tutashika Biharamulo, Chato, Geita, Sengerema, tuvuke, tulale kwake. Kesho yake Singida, kesho kutwa Dar. Njia hii ni ndefu kidogo kuliko ya Kahama, lakini zile lita 40 zinaitosha.

Tunaondoka Kamachumu tarehe 2 Januari asubuhi. Baba watoto anaomba siku mbili zaidi, mama naye yuko upande wake. Nimewaambia tarehe 4 na 5 barabara inajaa watu wanaokimbizana na kazi na shule, na sisi tunataka kuipita Sekenke bila haraka. Bado tunajadiliana.