Kinga ya kisukari Kibos: ukishapima watu, pima na chai

Jamii ndogo kama Wanubi wa Kibos, hapa Kisumu, mara nyingi huletewa siku moja ya kupimwa: hema, foleni, fulana, kisha gari linaondoka. Siku hiyo peke yake haizuii ugonjwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2002 uliwapa watu waliokaribia kisukari lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, wakisaidiwa miezi mingi. Waliougua walipungua kwa asilimia 58. Kwa waliomeza metformin, dawa ya kisukari, asilimia 31.

Hata hivyo kipimo kibovu huharibu yote. Mtu aliyetoka kumenya embe akitobolewa kidole bila kunawa, sukari ya ngozini husomwa kuwa ya damu. Anawe kwa maji na sabuni, akauke kabisa. Kopo la stripu, yaani vijikaratasi vya kupimia sukari, lisiachwe juani wala wazi, maana joto na unyevu wa ziwa huziua. Andika juu yake tarehe ya kufunguliwa.

Mtu awe hajala kwa saa 8 au zaidi. Glukomita, mashine ndogo ya kupima sukari, ikisoma 6.1 hadi 6.9 mmol/L, huyo ndiye wa programu ya kinga. Ikifika 7.0, apelekwe maabara kuthibitishwa. Glukomita peke yake haitoshi kusema mtu ana kisukari. Mwenye kiu kali, anayekojoa mara kwa mara na kukonda asingoje kikao, aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Kuhusu HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu, kuwa mwangalifu: huku kwetu wengi wamerithi chembe ya selimundu, na baadhi ya mashine hukosea kwao. Malaria inayovunja chembe nyekundu nayo hushusha jibu kwa uongo.

Sasa chakula. Karatasi ya lishe yenye picha za brokoli itaishia kufungiwa mandazi. Kaa na wapishi, uliza gurusa (mkate wa Kinubi), chapati na pilau hupikwa kwa mafuta kiasi gani, kisha pimeni pamoja. Chai ndiyo pa kuanzia: kijiko kidogo kina takriban gramu 4 za sukari, kwa hiyo vikombe vinne vya vijiko vitatu ni gramu 48, karibu kikomo chote cha siku cha Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima wa kawaida. Punguzeni nusu kijiko kila wiki mbili. Anayeacha ghafla huenda akarudia kwa kishindo. Ugali haufukuzwi mezani. Ushuke hadi robo ya sahani, mboga zichukue nusu, na omena au maharagwe robo iliyobaki.

Ramadhani ndipo programu inaweza kuvunjika. Kipimo cha asubuhi baada ya daku si cha njaa, basi panga upimaji kabla ya mwezi au baada yake, na uzungumze na imamu mapema kuhusu kutoboa kidole. Mwenye kutumia dawa za sukari aonane na daktari wiki kadhaa kabla ya kufunga.

Matembezi yawe ya kundi, akina mama na wenzao wakitaka, dakika 30 siku tano, kasi ya kuweza kuongea lakini si kuimba. Daftari alishike mhudumu wa afya ya jamii anayeishi mtaani humo: uzito kila mwezi, sukari kila mwaka. Aliyekosa vikao viwili mfululizo atembelewe nyumbani, na ikiwezekana wakati wa chai.