Kituo changu cha kulelea watoto hakimo kwenye bajeti: ninavyokiendesha hapa Masasi, Mtwara

Mkorosho huku kwetu una ruzuku. Msimu ukikaribia salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, inashushwa, mkulima anapewa mgawo wake, anaenda kupulizia. Mtoto wa mkulima huyohuyo, anayeshinda kwangu mpaka mama arudi shamba, hana ruzuku yoyote. Siuonei wivu mkorosho, maana ndio unaolipa ada. Nasema tu ili anayetaka kufungua kituo cha kulelea watoto aijue hali kabla hajapaka ukuta rangi.

Usajili haukunitesa. Vituo vyetu viko chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na pa kuanzia ni kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Alikuja akakagua vyoo, uzio na vyeti vya walezi. Nilipomuuliza kama kuna fungu lolote kwa vituo binafsi, alicheka: "Mama, mimi mwenyewe mafuta ya pikipiki naomba."

Elimu bila ada, iliyoanza 2016, inagusa darasa la awali, lakini la shule ya Serikali. Ruzuku inamfuata mwanafunzi aliyeandikishwa shuleni. Wa miaka mitatu hayumo. Hata ile Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, sisi inatuita wadau. Mdau, kwa nilivyoona, ni mtu anayealikwa semina.

Mwezi unaoniumiza ni Januari. Watoto wa miaka mitano ndio wanaonibeba: wanakula wenyewe, chooni wanaenda wenyewe, mlezi mmoja anawamudu wengi. Januari wanahamia awali, bure. Nabaki na wa miaka miwili na mitatu, ada ileile, huku kila mmoja akitaka kubebwa, kulishwa na kubadilishwa nguo. Wazazi siwalaumu, hata mimi ningemhamisha wangu.

Nilianza kwa kuachana na ada ya kila mwezi kwa wakulima. Ukimdai mzazi mwezi wa sita jibu ni moja: "Mwalimu, mnada bado." Na ni kweli, hela ya korosho inaingia benki baada ya minada, ambayo huanza Oktoba. Sasa wenye mshahara wanalipa kwa mwezi, mama ntilie na wauza mboga wanalipa kwa siku, na wakulima wanalipa kidogo wakiuza ufuta au mbaazi, halafu sehemu kubwa msimu wa korosho. Tunaandikiana na mzazi anasaini. Asiye na hela analeta mahindi au karanga. Napima mbele yake na kuandika kwa bei ya sokoni siku hiyo, maana ukikadiria kichwani mtagombana.

Kisha nikaifuata ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri inayokopeshwa bila riba: asilimia 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Mwanamke mmoja hapewi, wanapewa kikundi, na kituo ni changu peke yangu. Wenzangu wasingekubali kukopea mali yangu, na wangekuwa na haki. Tukakaa wanawake watano tukaamua mradi uwe unga wa lishe, kituo kiwe mteja wa kwanza. Aprili 2023 Serikali ikaisitisha mikopo hiyo nchi nzima, ikarudi 2024. Katikati hapo tulijisukuma na kikoba chetu.

Unga huo ndio ulioniokoa, kwa sababu baada ya mishahara hakuna kinachokula hela kama uji. Tulitaka kuchanganya kila nafaka tunayoijua, afisa lishe akatukataza. Tukabaki na mahindi, karanga na vipande vya korosho. Vipande tunanunua kwa kina mama wanaobangua, kwa sababu korosho ikivunjika bei inashuka, ila ladha haivunjiki. Karanga tunakaanga kwa moto mdogo na kupepeta maganda, na yoyote yenye ukungu au iliyosinyaa inatupwa. Hapo hatubembelezani, sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haiishi kwa kuchemsha uji. Kituo kinanunua kwa bei ya kikundi, na wazazi nao wananunua wa kupeleka nyumbani.

Februari hadi Mei bado ni kipindi kigumu. Mlezi akiomba ruhusa akapalilie, nampa, maana mshahara wake namlipa kwa awamu mbili.

Sasa tunafuatilia jambo moja na wenye vituo wenzangu. Halmashauri hutakiwa kutenga angalau shilingi 1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto aliye chini ya miaka mitano kwa ajili ya lishe. Watoto wetu wa umri huo wamo kwenye hesabu hiyo, wawe kituoni au nyumbani. Tumeandika barua kuomba sehemu yake iguse uji wa vituo, na tumeanza na diwani ili hoja ipite kwenye kamati ya maendeleo ya kata kabla bajeti haijafungwa.