Futa hiyo picha

"Futa hiyo picha." Mlinzi alisimama mbele ya lenzi yangu, mkono ameunyoosha kama anayedai nauli. Ilikuwa Alhamisi, mashariki ya London, kwenye uwanja wa majengo marefu ya vioo. Nilikuwa nampiga picha mzee aliyekaa peke yake kwenye ngazi akimenya chungwa, jua la baridi limempata shavu moja tu.

Miaka saba nimo katika mji huu na sheria yake naijua. Kwenye barabara ya watu wote huhitaji kibali cha kupiga picha, na hata polisi hana mamlaka ya kukuamuru ufute. Uhuru huo ulipiganiwa: Januari 2010 wapiga picha walijaa Trafalgar Square kupinga kusimamishwa na kupekuliwa chini ya kifungu cha 44 cha sheria ya ugaidi ya mwaka 2000, na baadaye kifungu hicho kikafutwa. Lakini wewe kijana wa Amu, yaani Lamu, uliyezoea uwanja wa Mkunguni, mbele ya Ngome, pa kila mtu na punda wake, jihadhari huku. Uwanja una miti, una viti, watu wanapita usiku na mchana, kumbe ni mali ya kampuni. Ukuta huuoni wala lango. Mpaka unaujua ukishasimamishwa.

Na kwa nini mimi? Hatua kumi pembeni yangu Wazungu wawili walikuwa na kamera kubwa kuliko yangu, hakuwagusa. Juu ya kichwa chake mwenyewe kamera za kampuni zilikuwa zikituchukua sote, na hakuna aliyeombwa ruhusa.

Mimi nilikuwa nimeomba. Hilo ndilo lililonichoma. Nimelelewa katika mji ambao mwanamke akiona lenzi huvuta buibui lake, na kwenye kupamba, sherehe ya wanawake ya kumtazama bibi harusi, simu huachwa mlangoni. Sura ya mtu ni ya mwenyewe. Babu yangu alikuwa fundi wa majahazi kijijini Matondoni. Mtalii alimpiga picha akikalafati, bila hata salamu, kisha akaahidi kumletea kwa posta. Kila nikirudi kutoka mjini Babu aliniuliza kama imefika. Amekufa haijafika. Kwa hiyo mimi humwamkia mtu kwanza, humwonyesha kamera, halafu hungoja. Yule mzee aliitikia kwa kichwa, akaendelea na chungwa lake.

Basi ni yeye aliyeinuka. Polepole, maganda mkononi, akamwambia mlinzi: "Picha hii ni yangu. Nimemruhusu mimi." Mlinzi akatufukuza sote wawili. Tulitoka pamoja mpaka barabarani, na mzee akanigawia nusu ya chungwa. Wallahi, mji huu haujanipa kitu kitamu kama kile.

Vijana mnaoniuliza habari za kuja huku na kamera, msidhani picha za barabarani zitawalisha. Chumba changu kimoja ni pauni 900 kwa mwezi, na choo twachangia watu wanne. Mwenye nyumba wa Langoni, mtaa wa kwetu Amu, akisikia atadhani nimepanga jengo zima. Kinacholipa chumba ni harusi za Jumamosi, za Wasomali na za watu wetu wa pwani. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi alasiri, na betri hufa kwa baridi, kwa hiyo weka ya pili mfuko wa ndani, karibu na mwili. Kwetu lenzi hushika ukungu ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda nje; huku hushika ukiingia ndani. Iache mkobani nusu saa kwanza. Nilipoteza nikahi nzima kwa kutolijua hilo, na bibi harusi alilia.

Jioni ile Mama alipiga simu kutoka Mkomani. Nilimsimulia yote, mlinzi, Wazungu, kamera za ukutani. Akaniacha nikamaliza hasira zangu, kisha akauliza:

"Na picha yake utampelekea lini?"

Alhamisi hii. Mzee aliniambia hupita njia ile kila wiki, akitoka kumtazama dada yake hospitali. Nimechapisha mbili.