Raleigh ya babu na gia zake tatu

Baiskeli hii ya Raleigh niliikuta Ngudu, nyumbani kwa bibi, nyuma ya magunia ya mpunga. Matairi yalikuwa yamepasuka kama mbuga wakati wa kiangazi, na kiti kimebaki springi tupu. Bibi akasema niichukue, kuku wapate nafasi. Baba mdogo alinisaidia kuifunga juu ya basi la kurudi Mwanza huku akiapa kwamba babu aliinunua mwaka 1954. Bibi akakataa katakata: ilipokuja, shangazi yangu alikuwa ameshazaliwa na anakimbia.

Ubishi huo baiskeli yenyewe iliumaliza wiki mbili baadaye. Nilikuwa nakwangua uchafu kwenye habu ya nyuma, yaani kile kitovu cha gurudumu chenye gia ndani yake, maandishi yakajitokeza: Sturmey-Archer, AW, kisha 60 na 3. AW ni aina ya habu ya gia tatu, na Sturmey-Archer, kiwanda cha Nottingham, Uingereza, kilikuwa kinagonga mwaka na mwezi kwenye habu zake, kwa hiyo hii ilitengenezwa Machi 1960. Bibi alishinda. Babu wakati huo alikuwa karani wa mizani kwenye chama cha msingi cha pamba, enzi za Victoria Federation, ule muungano wa vyama vya ushirika vya pamba. Raleigh za mwendo mmoja zilikuwa nyingi Usukumani miaka ile. Yeye akaamua kuwa na ya gia tatu.

Mpango wangu wa kwanza ulikuwa wa kijinga. Nilitaka kuipiga msasa yote mpaka chuma kionekane, niipulizie rangi ya kijani, ing'ae kama mpya. Makopo mawili nilishanunua. Bahati nzuri nilianza kwa kuiosha. Maji ya sabuni na kitambaa laini vikanionyesha mistari myembamba ya dhahabu juu ya rangi nyeusi, kichwa cha korongo kwenye nembo ya mbele, na kwenye kitako cha digadi la nyuma, kwa brashi na mkono usiotulia, babu alikuwa ameandika TUTAFIKA TU. Nani angeyapaka hayo rangi ya kijani? Makopo yangu yaliishia kwenye geti la jirani. Fremu niliifuta kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, basi. Sehemu zenye kromu, yaani usukani na fito za breki, nilizisugua kwa foili ya kufungia chakula iliyochovywa kwenye maji. Foili ni laini kuliko kromu, inakula kutu bila kukwaruza. Nati na boliti nikazilaza kwenye siki usiku kucha, asubuhi nikazisuuza kwa maji yenye magadi ili tindikali isiendelee kuvitafuna vyuma.

Kazi ngumu ilikuwa kota pini, vile vipini viwili vinavyobana mikono ya pedali kwenye ekseli yake. Nililegeza nati, nikagonga. Nikagonga tena, polepole, kwa huruma. Pini haikutoka, kichwa chake ndicho kilichopinda. Nikaikokota baiskeli mpaka kwa mzee mmoja anayetengeneza baiskeli chini ya mwembe, si mbali na kwangu Bugarika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani kaigonga hivi?"

Nikakiri ni mimi.

"Wewe ulikuwa unabisha hodi kwa mkweo. Pini haitaki adabu."

Akachukua kipande cha bomba nene, akakisimamisha chini ya mkono wa pedali ili uzito wote wa pigo uende kwenye pini badala ya kuishia kwenye gololi, akachagua nyundo nzito, akapiga mara moja. Ikatoka. Ya upande wa pili, niliyoipinda, ilibidi tuitoboe kwa drili, na ilitumaliza saa nzima. Pini mpya zinapatikana, kwa sababu Phoenix na baiskeli za Kihindi zinatumia mtindo uleule, ila zinahitaji tupa. Ule upande uliolala unachongwa kidogo kidogo mpaka uikae ekseli barabara, na pini zote mbili zichongwe sawa. Yangu ya kwanza niliichonga kupita kiasi, pedali moja ikawa inatangulia nyenzake kama mtu anayechechemea.

Mzee huyohuyo aliniokoa kwenye kosa lingine. Vikombe vya gololi vya pale chini kwenye pedali vilikuwa na vidonda, nikanunua vipya dukani. Kikombe kikaingia mzunguko mmoja, kikakwama. Nilikuwa natafuta spana ndefu zaidi nikilazimishe, akanishika mkono. Raleigh za zamani zina hesabu yake ya nyuzi za skrubu: 26 kwa inchi, wakati kiwango cha kawaida cha Kiingereza ni 24. Ningelazimisha, ningeiua fremu. Tulirudisha vikombe vya zamani na vidonda vyake, tukaweka grisi ya kutosha na gololi mpya za robo inchi, kumi na moja kila upande. Inazunguka vizuri tu. Matairi hayakunisumbua. Saizi ya 28 kwa 1½ bado ipo madukani, na hata ringi zenye matundu 32 mbele na 40 nyuma, mpangilio wa Waingereza ambao Wahindi hawakuuacha.

Habu ndiyo iliyonitia hofu. Ndani yake mna vijino vinavyozungukana, na kila niliyemuuliza alinishauri niitupe, nifunge friwili ya kawaida. Ilikuwa imeganda. Inaelekea kuna mtu aliwahi kuilisha mafuta ya kupikia, ambayo yakikaa miaka yanageuka gundi. Sikuifungua. Kwenye gamba lake kuna kitundu kidogo chenye kifuniko. Humo nilimimina mafuta ya taa, nikalizungusha gurudumu, nikaliacha likae, nikalizungusha tena jioni. Siku nne yalitoka maji ya kahawia yenye harufu mbaya. Siku ya tano likaanza kulia tiki-tiki-tiki, nikapiga kelele peke yangu uani. Nikamalizia na oili nyepesi ya injini, vijiko viwili.

Kilichofuata ni kosa la kukosa subira. Kutoka kwenye ekseli ya nyuma kunachomoza kicheni chembamba kinachovutwa na waya wa gia, na waya ule una kipimo chake: ukiwa gia ya pili, fito ndogo inayobeba kicheni lazima ilingane na ncha ya ekseli, unaichungulia kupitia kitundu cha nati. Mimi nilikadiria kwa macho ya haraka. Sasa, kati ya gia ya pili na ya tatu habu hii ina mahali patupu ambapo haishiki chochote. Nilipopata kilima cha kwanza nikasimama kwenye pedali, gia ikateleza, pedali zikaenda bure, nikalikalia bomba la juu la fremu kwa uzito wangu wote. Wanaume watanielewa. Nilirudi nyumbani naisukuma, nikakaza waya kwa kipimo, na haijateleza tena.

Badiliko langu binafsi ni moja tu. Bugarika ni mawe na miinuko, na gia za babu zilikuwa za nchi tambarare. Kwenye baiskeli chakavu ya mtumba kutoka Uholanzi nilipata kijino cha nyuma, yaani kile kigurudumu kinachovutwa na cheni, cha meno 22, kwenye habu ya Shimano. Kina pembe tatu za ndani sawa na cha Sturmey-Archer, kikaingia bila ugomvi mahali pa kile cha meno 18, kikabanwa na kile kiduara cha waya. Nikarefusha cheni. Cha zamani nimekihifadhi kwenye kopo.

Mwezi uliopita niliipeleka Ngudu. Bibi alikuwa ndani anachambua mchele, nami nikaipitisha uani bila kusema kitu, inalia tiki-tiki yake. Akatoka na ungo mkononi. Akasema usiku babu alipokuwa anarudi kutoka kwenye mizani alikuwa anaisikia sauti ile tangu njia panda, ndipo anapotenga chakula.

Nikamwonyesha kijino changu kipya, nikamweleza habari za vilima. Akanitazama kidogo.

"Babu yako kwenye mlima alikuwa anashuka, anaisukuma."

Akarudi kwenye mchele wake.